Nani Aamue Laptopu Ilale Lini?

Siku hizi shughuli ya watu haikamiliki bila picha ukutani. Kwenye harusi zinapita picha za maharusi tangu utotoni, kwenye mahafali za wanafunzi, na kwenye misa ya kumwombea marehemu familia hukusanya picha kutoka albamu za zamani, ikazipiga upya kwa simu, kijana mmoja akazipanga kwenye laptopu, zikaanza kuzunguka watu wanapoingia hadi wanapotawanyika. Kazi hiyo huchukua saa nne, tano, pengine zaidi. Muda wote huo hakuna anayegusa kibodi, kwa kuwa hakuna sababu ya kuigusa. Laptopu haijui kwamba ukumbi mzima unaitazama. Inachojua ni kwamba dakika kumi zimepita bila kidole wala kipanya, na kwa hesabu zake mwenyewe ameshaondoka.

Watu hulichukulia jambo hili kuwa la fundi: bonyeza hapa, weka pale, limekwisha. Mimi naliona ni swali la nani ana haki ya kuamua mashine ipumzike, na kwa muda gani. Anayelijibu hovyo huumbuka ukumbini, au huondoka na laptopu ambayo kuanzia siku hiyo haijui tena kulala. Makosa yote mawili yanaepukika.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo kwa kawaida tunayaita kwa jina moja, “imezima”. Ndani ya laptopu mna saa kadhaa zinazohesabu utulivu, kila moja kivyake. Ipo inayozima mwanga wa skrini. Ipo inayoleta kihifadhi skrini. Ipo inayoifunga mashine hadi uandike nywila. Na ipo inayoilaza kabisa, yaani kazi zote zinasimama na kumbukumbu inabaki na umeme kidogo tu wa kuishikilia. Mtu hufungua mipangilio, akaweka “kulala: kamwe”, akaridhika. Baada ya dakika kumi skrini inakuwa nyeusi vilevile, maana saa ya skrini hakuigusa. Mashine iko macho, picha zinaendelea kupita ndani kwa ndani, ila ukutani hakuna kitu. Kwenye msiba hilo si jambo dogo. Picha ya mzee ilikuwa inawatazama watu, ghafla giza, na shangazi aliyeketi mbele anageuka: “Mwanangu, mbona baba yenu amezimika?” Kijana wa mitambo anakimbilia meza, anatikisa kipanya, na kinachotokea ukutani mbele ya waombolezaji ni kisanduku cha nywila.

Tabia hii ya mashine haikutokana na uzembe wa walioitengeneza. Skrini za zamani za mirija zilikuwa na kasoro ya kweli: picha iliyokaa mahali pamoja kwa muda mrefu iliunguza tabaka la fosfori na kuacha alama isiyofutika. Mwaka 1983 John Socha alichapisha katika jarida la Softalk programu ndogo iliyozima skrini ya kompyuta ya IBM kibodi isipoguswa kwa dakika chache, na vihifadhi skrini vyote vilivyofuata ni wajukuu wa wazo hilo. Mwaka 1992 ikaja sababu nyingine, umeme. EPA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, lilianzisha alama ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kuipata zilikuwa kompyuta na skrini zake. Mwaka uliofuata Rais Bill Clinton aliagiza ofisi za serikali ya shirikisho zinunue kompyuta zenye alama hiyo, na tangu hapo mtengenezaji aliyetaka zabuni hizo alilazimika kuifundisha mashine yake kulala. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zikatoa kanuni za ACPI, zilizohamisha uamuzi huo kutoka kwenye programu ndogo iliyochomekwa katika ubao mama na kuukabidhi mfumo endeshi. Kwa hiyo suala la nani aamue lina umri wa miongo, na jibu limekuwa likisogea kuelekea kwa yule anayejua zaidi kinachoendelea.

Tatizo ni kwamba hata mfumo endeshi hauyajui yote. Kwa kawaida una njia moja tu ya kupima uwepo wa mtu, nayo ni mikono yake. Laptopu nyingine za miaka ya karibuni zimewekewa kihisi kinachotambua kama mtu amekaa mbele yake, na Windows 11 inaweza kukitumia kuzima skrini mtu akiondoka. Kwa mhasibu ofisini ni kitu kizuri. Ukumbini kinaweza kuzidisha tatizo, kwa kuwa watazamaji wanaangalia ukuta na mbele ya laptopu hakuna mtu. Mashine yenye kihisi kilichowashwa inaweza kuona kiti kitupu na kuzima mapema kuliko isiyo nacho. Ukikodi au kuazima laptopu mpya, kikague kihisi hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Anayejua kwamba kazi inaendelea ni programu inayoonyesha picha. Yenyewe ndiyo inayogeuza picha kila baada ya sekunde nane, yenyewe ndiyo inayojua kwamba bado ziko 200 mbele. Mifumo yote mikubwa inaipa programu njia ya kusema hivyo. Kwenye Windows ipo kazi iitwayo SetThreadExecutionState, ambayo programu huiita ili kueleza kwamba skrini inahitajika, au mashine inahitajika, au vyote viwili. Mac na Linux zina njia zao za kufanya hivyo. Ombi la namna hii ni kama mtu aliyeushika mlango unaojifunga wenyewe: maadamu ameushika uko wazi, na akiuachia hakuna haja ya kumwita mwingine aje kuufunga. Programu ikifungwa, au hata ikianguka ghafla, ombi linakufa nayo na mashine inarudia tabia yake. Kwangu huu ndio mpango bora kuliko yote, na inanihuzunisha kwamba programu nyingi za kutazama picha zimeupuuza. PowerPoint ikiwa katika hali ya kuonyesha slaidi huomba. VLC ikicheza video huomba. Lakini programu ndogo za picha, zile za bure ambazo watu huzipakua usiku wa kuamkia shughuli, baadhi haziombi chochote. Aliyeziandika alifikiria mtu anayebofya picha moja moja akiwa mezani kwake.

Kuna mtego mmoja hapa ambao ni lazima niueleze kwa kirefu, kwa sababu unawanasa hata watu makini. Windows ina kihifadhi skrini kinachoitwa Photos: unakionyesha folda, kinapitisha picha zilizomo. Kwa macho ni onyesho la picha kamili. Lakini kihifadhi skrini huanza pale mashine inapoamini kwamba hakuna mtu, na kinapoendelea saa nyingine hazisimami. Saa ya kuzima skrini inahesabu, saa ya kulala inahesabu. Aliyeandaa onyesho lake kwa njia hiyo amelijenga juu ya dhana kwamba mwenyewe hayupo, kisha anashangaa mashine ikiifuata dhana hiyo hadi mwisho. Kihifadhi skrini kinafaa kumpa mtu dakika tano za kutazama picha za watoto wake akiwa anakunywa chai. Shughuli ya saa tano usiikabidhi huko.

Kwenye kivinjari mambo yamebadilika karibuni. Kwa miaka mingi ukurasa wa wavuti haukuwa na namna rasmi ya kuomba skrini ibaki macho, ndiyo maana watayarishaji walikuwa wakificha kivideo kisicho na sauti ndani ya ukurasa ili kuihadaa mashine. Sasa upo utaratibu uitwao Screen Wake Lock: Chrome iliupokea mwaka 2020, Safari mwaka 2023, Firefox mwaka 2024. Albamu ya mtandaoni iliyoandikwa vizuri inaweza kuutumia. Ila una sharti ambalo mtu wa mitambo alijue: ukurasa ukifichwa, kwa mfano ukifungua kichupo kingine kutafuta wimbo wa kuingilia maharusi, ombi linaachiwa. Ukirudi, ukurasa unapaswa kuomba upya, na si kila ukurasa unakumbuka kufanya hivyo.

Basi kabla ya wageni kufika, usiamini, uliza mashine. Hili ni jambo ambalo ningependa kila kijana anayebeba projekta alifahamu. Kwenye Windows, anzisha onyesho lako, kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike powercfg /requests. Jibu linakuja kwa mafungu, la kwanza likiwa DISPLAY. Chini yake ukiona jina la programu yako, imeomba skrini isizime. Ukiona None, hakuna aliyeomba, na giza linakuja kwa saa yake. Fungu la pili, SYSTEM, linahusu mashine yenyewe kulala. Ukikuta programu iko kwenye SYSTEM lakini haiko kwenye DISPLAY, umepata maelezo kamili ya ile hali ya mashine iliyo macho na ukuta mweusi. Kwenye Mac amri ni pmset -g assertions, na kwenye Linux nyingi ni systemd-inhibit --list. Ni kazi ya dakika moja, na inakuondolea kubahatisha.

Ikiwa programu haiombi, mtu mwenyewe anaweza kuomba kwa niaba yake. Mac imekuja na amri iitwayo caffeinate tangu toleo la Mountain Lion la mwaka 2012. Ukiandika caffeinate -d -t 18000, skrini haitazima kwa sekunde 18,000, yaani saa tano, kisha amri inajimaliza yenyewe. Windows haina amri ya namna hiyo ndani yake, ila Microsoft hutoa bure mkusanyo wa zana uitwao PowerToys, na humo mna Awake, inayokubali kupewa muda. Angalia tu kwamba umewasha pia kipengele cha kuiacha skrini ikiwaka, la sivyo itailinda mashine na kuiacha skrini. Wanaotumia Linux yenye GNOME wana kiongezi cha Caffeine. Zana hizi nazipendelea kwa sababu moja: zinakulazimisha, au angalau zinakuruhusu, kutaja mwisho.

Njia ninayoiheshimu zaidi kwa shughuli isiyo na marudio, kama maziko, ni kuzigeuza picha kuwa video. Picha 300 za sekunde nane nane zinatoa video ya dakika 40. Unaiweka irudie, programu ya video inaomba skrini kama kawaida yake, na hakuna kitu cha ziada cha kuweka wala kusahau. Tena video hiyo inaweza kuhamia kwenye flashi na kucheza kwenye televisheni ya ukumbi laptopu ikikataa. Hasara yake ni kwamba ndugu akifika saa ya mwisho na picha adimu ya bibi enzi za ujana wake, huwezi kuiingiza papo hapo. Kwa familia nyingi hiyo ni hasara kubwa, na hapo slaidi za PowerPoint, zikiwekwa zizunguke hadi mtu abonyeze Esc, ndizo zinazofaa.

Kuna vifaa na programu za kutikisa kipanya kila baada ya sekunde kadhaa ili mashine ifikiri mtu yupo. Vinafanya kazi, lakini sivipendekezi. Vinaihadaa mashine wakati lipo lango rasmi la kuiambia ukweli, na kishale kinaweza kuonekana kikirukaruka juu ya picha. Kwenye laptopu ya ofisi vinaweza pia kukuingiza kwenye matatizo na mwajiri, ambaye aliweka sharti la kujifunga kwa sababu humo mna taarifa za wateja. Kama mipangilio ya laptopu ya kazini imefungwa na wasimamizi, jibu ni kutafuta laptopu nyingine.

Nimeiacha hadi hapa njia inayotumika zaidi, ya kuingia kwenye mipangilio na kuweka “kamwe” kila mahali. Inaeleweka kwa nini watu huipenda: haihitaji zana, haihitaji amri. Na kwa umeme wa siku hiyo moja haina athari. Laptopu inayoonyesha picha hula kama wati 20. Kwa saa tano ni sehemu ya kumi ya uniti, wakati projekta ya wati 250 iliyo pembeni yake imekula uniti moja na robo. Gharama inakuja baadaye. Laptopu ile ikibaki na “kamwe” yake nyumbani au ofisini, ikawaka bure saa 16 kwa siku hata kwa wati 10 tu, kwa mwaka inakula karibu uniti 58. Umeme tunaununua kwa tokeni, kwa hiyo hesabu hiyo haihitaji ufafanuzi. Na kuna lililo zito kuliko umeme: laptopu isiyojifunga, iliyoachwa mezani, iko wazi kwa kila apitaye, pamoja na picha za familia, barua pepe na akaunti zilizomo.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe, kwa sababu ushauri mwingi unaotoka nchi ambako hauyumbi unaishia kabla ya kufika kwetu. Laptopu ina mipangilio miwili iliyo sambamba: mmoja ikiwa kwenye chaja, mwingine ikiwa kwenye betri. Kwenye Windows hili linaonekana wazi katika amri zenyewe: powercfg /change monitor-timeout-ac 0 inaondoa saa ya skrini kwa umeme wa ukutani, na kwa betri kuna amri pacha yenye dc badala ya ac. Anayebadilisha upande mmoja ameacha upande wa pili na dakika zake chache za kiwandani. Ukumbini umeme unakatika katikati ya risala. Laptopu haishtuki, inahamia kwenye betri kimyakimya, na pamoja na hilo inahamia kwenye mipangilio ya betri. Wakati huo watu wa ukumbi wanahangaika na jenereta. Jenereta ikichelewa, projekta inapowaka tena laptopu inaweza kuwa tayari imelala, na kila mtu anadhani waya wa HDMI ndio mbovu.

Kukatika huko kuna madhara mengine mawili. Projekta ikizimika, laptopu inaona skrini ya pili imetoweka, na onyesho lililokuwa upande wa ukutani linaweza kurudi kwenye kioo cha laptopu, au kusimama. Ndiyo maana kwa picha za kuzunguka napendelea hali ya kunakili, ambapo ukuta na kioo cha laptopu vinaonyesha kitu kimoja, kuliko hali ya kupanua. Hali hiyo ina adha yake: kila arifa inayochomoza kwenye laptopu huonekana ukutani, kwa hiyo arifa zizimwe zote, na WhatsApp ifungwe kabisa. La pili ni mfuniko. Baadhi ya vijana hufunika laptopu ili isionekane kwenye video ya shughuli. Mac iliyofunikwa huendelea kufanya kazi ikiwa imeunganishwa na skrini ya nje na umeme; umeme ukiondoka, inalala, na hakuna programu iliyoomba ambayo ombi lake litasikilizwa. Mfuniko una nguvu kuliko maombi yote. Uache wazi, hata kama ni nusu, na mashine usiiweke juu ya kitambaa cha meza chenye mikunjo, maana laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini.

Betri nayo ipimwe kwa hesabu. Betri ya saa-wati 50, ikiwa bado nzima, kwa matumizi ya wati 20 inafika saa mbili na nusu. Ya miaka minne au mitano huenda isifike saa moja. Na kabla haijaisha, ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, Windows huwasha hali ya kuokoa betri na kufifisha mwanga. Jaribio la kweli ni moja: chomoa chaja ukumbini, anzisha onyesho, weka mikono pembeni kwa dakika ishirini. Kama picha bado zinapita, umemaliza.

Vifaa vingine vinahitaji jicho pia. Televisheni nyingi hujizima zenyewe baada ya saa nne bila mtu kugusa rimoti. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo hicho kwa kanuni ya mwaka 2009, na televisheni zinazouzwa kwingine nazo mara nyingi zinacho. Laptopu haiwezi kuizuia, kinazimwa kwenye menyu ya televisheni yenyewe. Na kama skrini ni ya OLED, ile hatari ya miaka ya 1980 imerudi: picha zinazobadilika hazina shida, lakini jina la marehemu na tarehe zake zikikaa pembe ileile kwa maandishi meupe saa nyingi, siku baada ya siku, zinaweza kuacha kivuli. Sogeza maandishi kidogo kutoka slaidi hadi slaidi.

Shughuli ikiisha, watu wanakunja nyaya kwa haraka, na laptopu inaingia kwenye begi. Iliyotumia ombi la programu imeshaachiwa pale onyesho lilipofungwa. Iliyopewa saa tano kwa caffeinate au Awake itajirudi yenyewe muda ukitimia, ila ukimaliza mapema ni vyema uifunge zana kwa mkono wako. Iliyobadilishwa mipangilio, pamoja na ule wa “ukifunika usifanye chochote”, inaingia begini ikiwa macho na kuchemka humo hadi nyumbani. Kama ni ya kuazima, andika pembeni ilikuwa na dakika ngapi kabla hujaigusa, upande wa chaja na upande wa betri, na umrudishie mwenyewe ikiwa hivyohivyo.